UZI: Kabla ya kupunguza tumbo, piling au leza, toa mkorogo kwanza (Dodoma na mikoa ya kati)

#1 ngozi_kavu_dom

Wadada na wakuu, heshima zenu.

Kila mara humu kuna anayeuliza wapi wanapunguza tumbo, wanafuta madoa kwa leza au wanafanya piling (kubandua tabaka la juu la ngozi kwa asidi), na majibu yanayokuja ni namba za simu tu. Hakuna anayeuliza swali ambalo daktari makini lazima aanze nalo: sasa hivi unapaka nini, na umekipaka kwa muda gani? Ngozi iliyolelewa kwa mkorogo, yaani krimu za kujichubua, haishiki nyuzi vizuri, haihimili asidi wala leza, na mwenye nayo anaweza kuzidiwa akiwa kwenye nusu kaputi kwa tatizo ambalo kipimo kimoja cha damu kingelionyesha mapema. Ndiyo maana uzi huu unaanzia hapo.

Mkorogo mwingi wa sokoni una kimojawapo kati ya vitu vitatu, au vyote kwa pamoja.

Cha kwanza ni steroidi, hasa klobetasoli na betamethasoni. Klobetasoli 0.05% iko kwenye kundi kali kuliko yote ya steroidi za kupaka. Hospitalini ina mipaka: isizidi gramu 50 kwa wiki, na isizidi wiki 2 mfululizo. Mtu mzima akijipaka mwili mzima anatumia krimu gramu 20 hadi 30 kwa mpako mmoja. Ukiichanganya tyubu kwenye kopo la losheni unapunguza ukali wake, lakini unaipeleka mwili mzima, kila siku, miezi na miezi. Steroidi inazuia chembe za ngozi kutengeneza kolajeni, ambayo ndiyo inayoipa ngozi uimara. Matokeo yake ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, michirizi inatokea mapajani, kwapani na kwenye matiti, kisha chunusi na vinyweleo usoni. Sehemu yake inaingia kwenye damu, na tezi za adrenali zilizo juu ya figo zinapunguza kazi kwa sababu mwili unapata kutoka nje kitu kinachofanya kazi kama kotisoli, homoni ya tezi hizo.

Cha pili ni haidrokwinoni. Kwenye vipodozi imepigwa marufuku Tanzania. Daktari wa ngozi anaweza kuiandika kwa 2% hadi 4%, kwa muda maalumu na kwa usimamizi. Ikitumika miaka kwa miaka, mashavuni na pembeni mwa macho hutokea weusi wa bluu wenye vipele vidogo vigumu. Hapo ndipo mtu anapoongeza mkorogo akidhani haujafanya kazi vizuri, na weusi unazidi. Doa hilo likishakomaa ni gumu mno kutoka, hata kwa leza.

Cha tatu ni zebaki. Tafuteni onyo kwenye kopo linalosema krimu isiguse dhahabu, fedha, alumini au mpira. Onyo hilo lina sababu. Krimu inayobadilika kuwa ya kijivu ikikaa kwenye mwanga nayo ni ya kuiacha. Zebaki inaumiza figo: mkojo unatoa povu, miguu na kope zinavimba. Inahamia kwenye taulo, shuka na ngozi ya mtoto unayelala naye. Mkataba wa Minamata unapiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, na Tanzania ni mwanachama.

Maneno ya kutafuta kwenye lebo: clobetasol, betamethasone, fluocinonide, hydroquinone, calomel, mercury. Kopo lisilo na orodha ya viambato usilipake kabisa. Tangu 2019 vipodozi vinasimamiwa na TBS (Shirika la Viwango), dawa zinasimamiwa na TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba). Tyubu ya klobetasoli ni dawa, haina nafasi kwenye meza ya vipodozi.

#2 Nyemo_D

Somo zuri sana dada. Sasa tatizo ni kuacha. Mtu akiacha ghafla anaungua uso, anavimba, ngozi inabanduka, na watu wanaanza kumuuliza amepatwa na nini. Ndani ya wiki amerudi. Anaachaje?

#3 famasia_makole

Nyemo, inategemea alipaka wapi na kwa muda gani.

Aliyepaka usoni tu kwa wiki chache anaweza kuacha mara moja. Aliyepaka uso kwa miezi ategemee wekundu, kuungua na vipele kuanzia siku chache hadi wiki 2 baada ya kuacha, na hali hiyo kupanda na kushuka kwa wiki au miezi. Huko ni ngozi kukosa steroidi, ila wengi hudhani ni mzio wa sabuni mpya. Ukipaka tena inatulia siku hiyohiyo, halafu unarudi mwanzo.

Aliyepaka mwili mzima kwa miezi mingi asiache kwa kujiongoza mwenyewe. Aende apimwe kotisoli ya asubuhi, damu itolewe kati ya saa 2 na saa 3, kwa sababu homoni hiyo iko juu asubuhi na hushuka kadiri siku inavyokwenda. Ya jioni itampotosha. Daktari humshusha kwa ngazi: kutoka klobetasoli kwenda steroidi ya wastani, kisha hidrokotisoni 1%, kisha siku moja ndiyo siku moja hapana, huku akipunguza eneo linalopakwa. Akipata kizunguzungu anaposimama, kutapika, udhaifu usio wa kawaida au kuzirai, hiyo ni dharura ya kwenda hospitali usiku huohuo, na aseme waziwazi kwamba alikuwa anapaka mkorogo. Akificha atatibiwa malaria au vidonda vya tumbo wakati shida ni adrenali.

Wakati wa kuacha, kazi kubwa ni unyevu, na Dodoma hili lina uzito wake. Kuanzia Mei hadi Novemba hewa ni kavu, upepo wa Julai na Agosti unakausha kila kitu, na maji ya visima maeneo mengi yana chumvichumvi. Sabuni haitoi povu vizuri na inaacha utando kwenye ngozi. Kwa hiyo:

Oga dakika 5 hadi 10, maji ya vuguvugu. Sabuni isiyo na harufu kali, na ipite kwapani, kinenani na miguuni tu. Dodoki, jiwe na skrabu viweke kando mpaka ngozi ipone. Jipanguse kwa kugusagusa, usisugue. Ndani ya dakika 3, ngozi ikiwa bado mbichi, paka mafuta.

Glisirini usiipake tupu kipindi cha kiangazi. Hewa ikiwa kavu inavuta maji kutoka kwenye ngozi yako yenyewe. Changanya kipimo 1 cha glisirini na vipimo 3 vya maji safi yaliyochemshwa yakapoa, paka, kisha funika na mafuta ya mgando yasiyo na manukato. Mchanganyiko huo utengeneze kidogo kidogo, usikae zaidi ya siku 2 au 3, kwa sababu hauna kihifadhi.

#4 bint_kibaigwa

Na mafuta ya alizeti ya kukamua huku kwetu, haya ya kupikia, yanafaa?

#5 famasia_makole

Yanafaa, tena mengi ya bei kubwa hayayapiti. Alizeti ina asidi ya linoleiki kwa wingi, ambayo inasaidia tabaka la juu la ngozi kujijenga. Mafuta ya zeituni ambayo watu wanayasifia yana asidi ya oleiki zaidi, na yanaweza kulilegeza tabaka hilo kwa mwenye ngozi dhaifu.

Chukua yaliyochujwa, yasiwe na mashapo chini. Weka kwenye chupa ndogo mbali na jua. Yakianza harufu ya kuchacha usipake, yanawasha. Jaribu kwanza sehemu ya ndani ya mkono kwa siku 3. Mwenye chunusi nyingi usoni ayaache kwa mwili tu.

#6 ngozi_kavu_dom

Niunganishe jua hapo, maana bila hili mengine yote ni kupoteza hela. Dodoma iko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mionzi ya jua huongezeka kwa takriban 10% kila unapopanda mita 1,000. Halafu tuko nyuzi 6 kusini ya ikweta: mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linakuwa utosini kabisa. Hewa ya baridi ya Juni isikudanganye, mionzi haipimwi kwa joto.

Krimu ya kukinga jua iwe SPF 30 au zaidi, iandikwe kwamba inakinga UVA pia. Kipimo cha uso na shingo ni mistari miwili kamili juu ya kidole cha shahada na cha kati, yaani zaidi kidogo ya mililita 1. Paka dakika 15 kabla ya kutoka, rudia kila saa 2 ukiwa nje. Hesabu ya kujikagua ni rahisi: ukipaka mara 2 kwa siku, kopo la mililita 50 linaisha ndani ya siku 20 hivi. Likikudumu miezi 3, ulikuwa unapaka robo ya kinachotakiwa, na kinga uliyopata si ile iliyoandikwa kwenye kopo.

Wenye madoa ya ujauzito au ya vidonge vya uzazi wa mpango wachague yenye rangi ya ngozi. Rangi hiyo inatoka kwenye oksidi ya chuma, na ndiyo inayozuia mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao nao unachochea madoa hayo kwa ngozi nyeusi. Asiyeweza kununua kila mwezi akae kivulini kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni, avae kofia ya ukingo wa sentimita 7 au zaidi, ajitande kanga nzito. Hiyo ni kinga halisi kabisa.

#7 famasia_makole

Sasa madoa. Ngozi nyeusi ikiumizwa na kitu chochote, iwe chunusi, kuungua, kusuguliwa au asidi, inajibu kwa weusi. Kwa hiyo dawa inayochoma "ili ifanye kazi" inatengeneza doa jipya juu ya la zamani.

Kama chunusi bado zinatoka, tibu chunusi kwanza. Benzoili peroksaidi 2.5% inafanya kazi karibu sawa na 10% na kuwasha ni kidogo. Ila inapausha rangi ya vitambaa, kwa hiyo foronya na kitenge vikae mbali. Usiku adapalini 0.1%, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, siku 2 kwa wiki kwanza, ukiongeza taratibu baada ya wiki 2 au 3. Usiweke juu ya chunusi moja moja, weka eneo lote. Subiri wiki 8 hadi 12 kabla ya kusema haifai.

Mjamzito, au anayetafuta mimba, asitumie adapalini wala tretinoini. Chaguo lake ni asidi ya azelaiki, 15% hadi 20%, inayofanya kazi kwenye chunusi na madoa kwa pamoja. Niasinamaidi 4% au 5% nayo ni salama na haichomi. Vidonge vya isotretinoini ni jambo la daktari peke yake: vinaharibu mtoto tumboni, na mimba haitakiwi mwezi mmoja kabla, wakati wote wa dawa, na mwezi mmoja baada ya kuacha.

Madoa ya ujauzito, yale ya pande zote mbili za mashavu na juu ya mdomo, ni sugu na hurudi. Kuna vidonge vya asidi ya traneksamiki ambavyo madaktari wanatumia, lakini vinahusika na kuganda kwa damu. Havichanganywi na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, wala havifai kwa aliyewahi kuganda damu mguuni.

#8 Chidawali

Kuna saluni zinafanya piling na kuondoa ndevu kwa leza. Na sindano na dripu za kung'arisha. Vipi hizo?

#9 ngozi_kavu_dom

Piling kwa ngozi yetu iwe ya juujuu tu: asidi ya glikoli 20% hadi 35% au salisiliki 20% hadi 30%, kwa mkono wa mtu aliyesomea. Ngozi inaandaliwa wiki 2 hadi 4 kwa dawa za usiku na kinga ya jua, dawa za familia ya retinoidi (kama adapalini na tretinoini) zinasimamishwa siku kadhaa kabla, na mizunguko inaachana wiki 2 hadi 4. Glikoli inapimwa kwa saa mkononi na kuzimwa kwa maji ya sodiamu baikaboneti. Ukiona mtu anapaka kisha anaenda kuhudumia mteja mwingine, simama uoshe uso mwenyewe. Salisiliki inaacha unga mweupe, huo ni kawaida. Ngozi yenyewe ikipauka na kuwa nyeupe, asidi imeshashuka chini na doa linakuja.

Aliyeko kwenye mkorogo, au aliyeuacha majuzi, asiguse piling. Ngozi nyembamba inapitisha asidi haraka kuliko mpakaji anavyotarajia.

Leza ya vinyweleo: uliza ni mashine gani. Kwa ngozi nyeusi salama zaidi ni Nd:YAG ya nanomita 1064, kwa sababu mwanga wake unapita rangi ya ngozi na kufika kwenye shina la unywele. Mashine za mwanga wa IPL zinashikwa na rangi ya ngozi na zinaunguza. Wajaribu sehemu ndogo kwanza na wasubiri. Mwenye ndevu nyingi na hedhi inayoruka apimwe homoni kabla ya kulipia vikao, la sivyo zinaendelea kuota.

Sindano na dripu za glutathioni, hapana. Ushahidi wa kung'arisha ni hafifu, na hatari zake zinajulikana: mzio mkali, madhara ya ini na figo, na maambukizi kutoka kwenye sindano zenyewe.

#10 sista_thieta

Niingie upande wa kisu.

Anayetaka kukatwa nyama ya tumbo awe amemaliza kuzaa, au angalau hana mpango wa mimba karibuni, kwa sababu misuli inayoshonwa katikati itatanuka tena. Ipite miezi 6 hadi 12 tangu kujifungua, na uzito uwe umetulia kwa miezi 6. Upasuaji huu hauponyi unene. Kunyonya mafuta pia si njia ya kupungua uzito. Yakizidi lita 5 kwa mara moja hatari inapanda na mgonjwa anatakiwa alale hospitali akiangaliwa.

Kuhusu mkorogo: mwambie daktari wa upasuaji na mtaalamu wa usingizi, wote wawili, kwa mdomo wako, hata kama ulishaacha. Tezi za adrenali zinaweza kuchukua miezi mingi kuamka. Zikiwa bado zimelala, presha inaweza kuporomoka wakati wa upasuaji au usiku wake, na mtaalamu aliyejulishwa anakuwa ameandaa hidrokotisoni ya mshipa. Kwenye kidonda chenyewe, ngozi iliyokonda inachanika pale uzi unapopita, plasta ikitolewa inabanduka nayo, na mshono unaachia katikati, mahali penye mvuto mkubwa. Upasuaji wa urembo hauna haraka. Ahirisha kwa miezi mpaka kotisoli irudi na ngozi ipate unene.

Vipimo vya kawaida: wingi wa damu, kundi la damu, sukari, figo, homa ya ini, na mimba siku yenyewe. Mwenye sukari aishushe kwanza. Sigara na shisha ziachwe wiki 4 kabla na wiki 4 baada, kwa sababu nikotini inabana mishipa midogo na ukingo wa ngozi unakufa na kuwa mweusi. Vidonge vya estrojeni kwa kawaida husimamishwa wiki 4 kabla, ukiwa na njia nyingine ya uzazi wa mpango. Kabla ya upasuaji, chakula kikome zikibaki saa 6, cha mafuta zikibaki saa 8, maji matupu zikibaki saa 2.

Baada ya hapo: tembea siku hiyohiyo, umeinama, ili damu isigande miguuni. Lala na mito chini ya magoti. Mirija ya kutoa majimaji inatolewa yakishuka chini ya mililita 30 kwa saa 24. Mkanda wa kubana wiki 6. Katika wiki hizo 6 usinyanyue kitu cha zaidi ya kilo 5. Ndoo ya maji ya lita 20 ni kilo 20, na mtoto mgongoni naye hupita kilo 5. Kama nyumbani hakuna wa kuchota maji na kubeba mtoto, upasuaji usubiri mpaka apatikane.

Kuchagua pa kufanyia: jina la daktari liwe kwenye rejesta ya Baraza la Madaktari Tanganyika, na ubingwa wake uwe wa upasuaji rekebishi. Uliza nani anatoa usingizi, kama kuna damu na chumba cha uangalizi maalumu, na nani anapokea simu usiku. Muhimbili Mloganzila wanafanya upasuaji rekebishi na wa urembo. Kwa hapa Dodoma unaweza kuanzia Benjamin Mkapa kwa vipimo na ushauri wa rufaa. Bima kwa kawaida hazilipi urembo, kwa hiyo bajeti iwe na pesa ya siku za ziada ikitokea shida.

Wanaofanyiwa Dar wasirudi siku ya pili. Kaa karibu na hospitali mpaka mirija itoke na kidonda kikaguliwe, wiki 1 hadi 2. Ukirudi, treni ya SGR ni bora kuliko basi, kwa sababu safari ni fupi na unaweza kusimama na kutembea kila baada ya nusu saa. Ndama ya mguu mmoja ikiuma na kuvimba, au pumzi ikakata ghafla, usisubiri kufika nyumbani.

#11 Nyemo_D

Asante sana sista. Na kuongeza makalio? Dawa za mchina na vidonge vya kunenepa vimejaa mitandaoni.

#12 sista_thieta

Hakuna krimu inayojenga makalio. Vidonge vya kunenepa mara nyingi ni siproheptadini na deksamethasoni. Ya kwanza inaleta njaa na usingizi. Ya pili ni steroidi, kwa hiyo yote tuliyosema juu ya adrenali yanamhusu anayevimeza. Mafuta yanaenda usoni, tumboni na shingoni, sukari na presha vinapanda.

Kuhamisha mafuta kutoka tumboni kwenda makalioni ndio upasuaji wa urembo uliopata sifa mbaya kwa vifo. Makadirio ya madaktari wa upasuaji yaliyotolewa 2017 yalikuwa kifo 1 katika kila 3,000 hivi. Mafuta yakidungwa ndani ya msuli yanaingia kwenye mishipa mikubwa na kufika mapafuni. Muulize daktari kama anadunga juu ya msuli tu na kama anatumia ultrasaundi kuona ncha ya mrija. Silikoni ya maji au mafuta ya kudungwa vyumbani, usikubali hata bure: hayatoki tena, yanahama, yanaoza nyama.

#13 bint_kibaigwa

Swali la mwisho. Mwenye kovu la kupasuliwa lililovimba na kuwasha, au la sikio, afanye nini? Anaweza kukatwa nyama ya tumbo?

#14 famasia_makole

Keloidi ikikatwa tu bila tiba nyingine inarudi mara nyingi, tena kubwa zaidi. Tiba inaanza na sindano za triamsinoloni ndani ya kovu lenyewe, kila baada ya wiki 4, mpaka lilainike. La sikio likikatwa, sindano zinaendelea baada ya kukatwa na hereni za kubana zinavaliwa kwa miezi. Karatasi za silikoni zinavaliwa saa 12 au zaidi kwa siku kwa miezi 2 au 3, juu ya kidonda kilichofunga. Vitunguu saumu, ndimu na maji ya betri vinaunguza, na keloidi inakua kutokana na kuungua huko.

Kuhusu tumbo, kovu la kukatwa linakwenda kutoka nyonga hadi nyonga. Mwenye keloidi kifuani au begani amwonyeshe daktari kabla ya yote, na kovu la kujifungua kwa upasuaji alionyeshe pia. Likiwa limetulia na ni jembamba, ni dalili nzuri. Likiwa linaendelea kukua nje ya mstari wa mshono, litibiwe kwanza, na kama sindano hazilitulizi, upasuaji huo haumfai.